Ng'ombe Saba Juu ya Paa

Yakobo hakupima paa kwa futi wala kwa karatasi. Alipima kwa ng'ombe. Mteja akimwita, akamwonyesha pale anapotaka tanki la maji likae, Yakobo alikuna kidevu kwanza, kisha akauliza: hao ni ng'ombe wangapi? Mteja akicheka, yeye hacheki. Alimweleza polepole kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tanki la lita elfu mbili likijaa ni kilo elfu mbili. Dume la Kisukuma lililoshiba vizuri ni kilo mia tatu. Haya, piga hesabu. Ni ng'ombe saba kasoro mguu. Sasa wewe, na mkeo na watoto wako, mtalala chini ya ng'ombe saba?

Kwa maneno hayo alijipatia jina kuanzia Nyegezi mpaka Ilemela. Alikuwa fundi paa kwa miaka thelathini, na hakuna paa lake hata moja lililowahi kumdondokea mtu. Aliwafundisha wenye nyumba kwamba kenchi, zile mbao zinazosimamisha paa, kazi yake ni kubeba bati na kushindana na upepo wa ziwani, basi. Ukitaka kuweka mzigo, utafutie ukuta. Na ukishauweka, sikiliza. Mbao haivunjiki kimyakimya kama kijiti cha kiberiti, hulia kwanza, na mwenye masikio hutoka.

Nyumba yake mwenyewe aliijenga Ilemela, chini ya kilima cha mawe, kando ya barabara, mahali ambapo ukisimama uani unaziona ndege zikishuka kwenda uwanjani. Aliishi hapo na mkewe Odeta. Binti yao wa pekee, Modesta, alikwisha kuolewa huko Kigongo. Yakobo alikuwa mtu wa heshima zake, mtu wa sala, hanywi mpaka akaanguka, hatukani watu. Tatizo lake lilikuwa moja tu maishani, na tatizo hilo lilikuwa na jina: Rugambwa.

Rugambwa alikuja kutoka Muleba miaka minane iliyopita, mtu mzima na mkewe Eugenia, cheti cha ufundi kikiwa kwenye bahasha. Na aliyempa kazi ya kwanza hapa mjini ni nani? Yakobo huyohuyo. Walifanya pamoja nyumba moja ya Nyegezi, miezi mitatu. Rugambwa alikuwa msikivu, maneno machache, kazi safi. Ilipokwisha alishukuru, akaenda zake. Ndipo watu wakaanza kutaka mapaa ya kisasa, yale yenye pembe nyingi na bati za rangi, na Rugambwa alikuwa anayajua. Mwaka wa tatu alinunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akaandika namba yake ya simu ubavuni. Mwaka wa sita alinunua kiwanja juu ya kilima, juu kabisa ya nyumba ya Yakobo. Hebu fikiria. Mwanza yote hii na vilima vyake, mtu anakuja kujenga juu ya kichwa chako.

Na kilichomuuma Yakobo zaidi ni kwamba yule bwana hakuwa na majigambo. Angalau angejisifu, kama tunavyowatania Wahaya siku zote, mtu ungepata pa kushikia. Hakuna. Wakikutana barabarani alisimamisha gari, akashuka, akainamisha kichwa: shikamoo fundi. Yakobo aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji, akaenda zake.

Sasa, asubuhi moja, nyumba ya juu ikiwa imekwisha na paa lake la rangi ya damu ya mzee linang'aa, Yakobo alitoka uani na mswaki mdomoni. Aliinua macho. Mswaki ukasimama. Juu ya paa la Rugambwa, katikati kabisa, nyuma kidogo tu ya mgongo wa paa, lilikuwa limekaa tanki jeusi. Halikuwa tanki la kubahatisha. Yakobo alilipima kwa jicho: lita elfu mbili.

Furaha iliyomshika haikuwa ya Kikristo. Alitema povu, akamwita Odeta aje aone mtu msomi mwenye cheti alivyopandisha ng'ombe saba kwenye mbao za mbili kwa nne. Alisema haliwezi kumaliza mwezi. Kila asubuhi alitoka na mswaki wake kuangalia kama limeanguka. Mungu amsamehe, alikuwa analisubiri lianguke kama wengine wanavyosubiri mshahara.

Mwezi ukaisha. Ikaja zamu ya nyumba ile kupokea jumuiya, maana kila Jumamosi waumini wa mtaa husali kwa mtu mmoja, kwa mzunguko. Yakobo aliumwa mgongo siku hiyo, mgongo ambao Jumapili ulikuwa mzima kabisa. Odeta alikwenda peke yake, akarudi jioni mchangamfu, akaanza kusimulia ya huko: maji yanavyotoka bafuni, uani kulivyo, Eugenia alivyowakaribisha. Yakobo alimkata.

"Nyumba ile isitajwe humu ndani," alisema. "Kuanzia leo. Habari zake sizitaki, nzuri wala mbaya."

Odeta alimtazama, akakaza kitenge, akaenda jikoni. Ni mwanamke ambaye ukimwambia anyamaze, ananyamaza kwelikweli, na hapo ndipo unapotakiwa kuogopa.

Mvua za masika zikaja. Upepo ukatoka ziwani ukang'oa bati za watu na kubingirisha mawe waliyoyaegesha juu ili kuzizuia. Yakobo alikaa kitandani anasikiliza kuelekea kilimani, anangoja kishindo. Asubuhi alitoka, na tanki lilikuwa palepale, limeoga, linameremeta. Mwaka ukapita. Tanki lipo. Halikuinama hata kidole.

Hapo ndipo wivu ulipobadilika, ukawa ugonjwa. Mwanzoni alikuwa anamwonea Rugambwa wivu wa kazi na wa gari. Sasa alianza kumwonea wivu wa akili. Huyu mtu anajua nini ambacho mimi sikijui? Ametumia mbao gani? Amefunga kenchi vipi? Alikuwa analala anapiga hesabu, anaamka anapiga hesabu, na kila alivyopiga ng'ombe walikuwa saba na paa lilikuwa linaanguka. Lakini ukitoka nje, halijaanguka. Miaka thelathini ya kusema neno moja, na kule juu kuna kitu cheusi kinamwambia kila asubuhi kwamba amekuwa akidanganya watu.

Angeweza kupanda akaangalie. Ni mwendo wa dakika kumi na tano, na mbuzi wanapanda. Lakini kupanda kulikuwa ni kumwambia Rugambwa: nimekuja kujifunza. Afadhali afe.

Aliyemmaliza kabisa alikuwa Mwalimu Jonathan, mstaafu wa Nyegezi. Mwalimu alitaka tanki juu ya paa. Yakobo akamtolea ng'ombe wake wote saba, mmoja mmoja. Mzee yule alisikiliza, kisha akasema kwa upole kwamba juzi alikuja Ilemela kumwona daktari, na njiani aliona tanki limekaa juu ya paa la nyumba moja kilimani, nyumba ya rangi ya damu ya mzee, wala halina shida. Wiki iliyofuata kirikuu ilionekana uani kwa Mwalimu Jonathan.

Yakobo alirudi nyumbani hakula. Siku ya tatu alimwambia Odeta kwamba ananunua tanki.

Odeta alishangaa. Aliuliza litakaa wapi. Yakobo akasema juu ya paa. Mke akamkumbusha, kwa sauti ya chini, mambo ya ng'ombe. Yakobo akasema zamani ni zamani, ufundi unakwenda mbele, na yeye hajazeeka kiasi cha kushindwa na kitu ambacho wageni wanakiweza. Odeta akajua wageni ni nani. Alikuwa amekatazwa kumtaja, hakumtaja.

Na bado, hata kwenye upumbavu huo, mikono yake ilikumbuka kazi. Kwanza alichagua pale kwenye korido, ambapo kuta mbili zinakutana. Hapo lingekaa jukwaa la mbao nzito, miguu yake juu ya ukuta, na pengine lingekaa miaka. Alipanda ngazi, akapima. Kisha akiwa juu ya bati aliinua macho kilimani, akaona kwamba tanki likikaa koridoni litafichwa na ukuta wa jirani, na kutoka kwa Rugambwa halitaonekana kabisa. Alikaa pale juu muda mrefu, jua linamchoma shingo. Halafu akasogeza kila kitu hadi katikati ya paa, juu ya sebule, chumba kipana kuliko vyote, ambacho chini yake hakuna ukuta hata mmoja. Aliongeza mbao, akapigilia misumari mirefu, akaegemeza jukwaa kwenye kenchi. Alijua. Hakuna mtu Mwanza nzima aliyejua vizuri zaidi yake. Alijua, akapigilia.

Jumamosi ile jumuiya ilikuwa zamu yake. Alilipanga hilo pia. Maji ya mgao kule hutoka Jumamosi, na saa tisa aliwasha pampu ili tanki lianze kujaa kwa mara ya kwanza. Alitaka wakimaliza sala, wakienda kunawa wapate chai, bomba la bafuni lifunguke na maji yatoke kwa nguvu, na mtu fulani asikie.

Mtu fulani alikuja. Saa kumi kasoro Rugambwa aliingia na Eugenia, akatoa shikamoo yake. Sebule ilijaa, watu ishirini na wawili na watoto wachanga wawili migongoni. Kwa heshima ya mgeni, na kwa sababu zake, Yakobo alimkalisha Rugambwa kwenye kochi kubwa, katikati, mahali ambapo mtu akisikia maji yanajaa juu atayasikia vizuri. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Getruda, alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka msalaba, wakaanza rozari.

Katika fungu la tatu mbao ililia.

Wengine hawakusikia, au walisikia wakadhani ni bati linalopoa. Yakobo alisikia. Sauti ile alikuwa ameisikia mara nne tu maishani mwake, na mara zote kwenye nyumba za mafundi wengine. Aliinua macho. Kwenye dari, kutoka kwenye taa kwenda dirishani, palikuwa na mstari ambao asubuhi haukuwepo. Unga mweupe ulidondoka kidogo ukatua kwenye bega la Rugambwa. Rugambwa aliupangusa bila kuangalia juu, akaendelea kusali.

Yakobo akapiga hesabu, mdomo wake ukisema Salamu Maria pamoja na wengine. Pampu imewaka saa moja na robo. Ng'ombe watano wameshapanda, wa sita anapanda. Inatosha asimame, aseme. Lakini akisimama atasema nini, na mbele ya nani? Mbele ya yule pale. Mbele ya mtu ambaye tanki lake limekaa mwaka mzima na zaidi bila kulia. Atasema: mimi fundi Yakobo, mwenye ng'ombe saba, paa la nyumba yangu linavunjika. Wivu ukamkalisha. Alisali Salamu Maria moja nzima, kuanzia mwanzo hadi amina, huku anajua. Mpaka leo hiyo sala moja ndiyo anayoiungama, na padre ameshachoka kuisikia.

Mbao ikalia tena. Safari hii mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake aliinua kichwa akaangalia juu. Yakobo akasimama.

"Tokeni nje," alisema. "Wote. Paa halibebi."

Walidhani amepagawa. Mama Getruda alinyanyua rozari kama anayetaka kumwombea. Aliyemwelewa kabla ya wengine alikuwa Rugambwa, maana neno lile alilijua. Alitazama dari mara moja tu, akambeba bibi mmoja aliyekuwa mlangoni kama anavyobebwa mtoto, akapaza sauti watu watoke kwa mlango wa mbele, wasisukumane. Yakobo aliwahimiza waliokuwa nyuma. Odeta alitoka na msalaba, kitambaa kikiburuzika. Rugambwa akazunguka nyuma, akazima pampu, akaanza kufungua bomba la uani maji yapungue. Yakobo akaingia bafuni akafungua yote, na maji yakatoka kwa nguvu, vizuri sana, kama alivyotaka.

Hayakupungua kwa wakati. Kenchi ilivunjika watu wote wakiwa barabarani. Ilisikika mpaka sokoni. Paa likainama katikati, tanki likalala ubavu, likang'ang'ania bati, na dari yote ya sebule ikashuka pamoja na mbao mbili. Vumbi lilipotulia, mlangoni walionekana watu wakichungulia. Mbao moja ilikuwa imelala kwenye kochi kubwa, katikati, urefu wote.

Rugambwa alilitazama kochi lile. Akaja akasimama karibu na Yakobo, suruali imelowa hadi magotini.

"Fundi, nani alikupandishia?"

Yakobo angeweza kudanganya. Mafundi wako wengi mjini.

"Mimi mwenyewe."

Rugambwa alionekana kama mtu aliyeambiwa baba yake amekamatwa anaiba. Akasema haelewi. Akasema kule Nyegezi, nyumba ile ya kwanza, mwenye nyumba alitaka tanki juu ya kenchi, na Yakobo akakataa, akamwambia yatafutie maji yako ukuta, na Rugambwa alikuwa pembeni anasikiliza. Ng'ombe saba kasoro mguu. Hakuwahi kusahau. Mpaka leo hajaweka tanki kwenye paa la mtu yeyote, na Mwalimu Jonathan alipong'ang'ania, alimjengea mnara wa tofali nyuma ya nyumba.

Yakobo alisikia maneno yote, lakini yalikuwa yanampita. Alinyoosha mkono kuelekea kilimani, ambapo tanki jeusi lilikuwa limekaa mahali pake, nyuma kidogo ya mgongo wa paa.

"Na lile?"

Rugambwa aligeuka akatazama, kisha akamtazama Yakobo, na polepole akaanza kuelewa. Alijibu kwa sauti ndogo, kama anayeona aibu kwa niaba ya mwenzake.

"Lile liko juu ya jiwe, fundi. Kuna jiwe kubwa nyuma ya nyumba, limelingana na paa. Kiwanja nilikinunua kwa ajili ya jiwe hilo. Jumuiya nzima walikaa kwenye kivuli chake walipokuja."

Miaka hamsini na sita Yakobo ameishi katika mji wa mawe. Mawe yako mbele ya nyumba, nyuma ya nyumba, mengine ndani ya nyumba, watu wameyajengea ukuta yakawa sehemu ya chumba. Mtoto wa darasa la kwanza angeuliza kama kuna jiwe nyuma. Yeye hakuuliza, kwa sababu kila alipotazama kule juu hakuwa anatazama nyumba wala kilima. Alikuwa anamtazama mtu.

Watu walianza kusaidia kutoa viti. Eugenia alikuwa anamfuta vumbi Mama Getruda. Odeta alisimama kando ya ukuta na msalaba mkononi, anaangalia sebule yake ambayo sasa ilikuwa na mbingu. Yakobo alimsogelea.

"Mama Modesta. Wewe ulikwenda kule. Uliliona hilo jiwe?"

"Niliegemea."

"Mwaka mzima huu, unaniona natoka kila asubuhi na mswaki. Hukuniambia?"

Odeta alipangusa vumbi kwenye msalaba kwa ncha ya kitenge, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Nilianza kukuambia, baba Modesta. Ukasema nyumba ile isitajwe humu ndani."